Ambulensi za kulipia Nakuru: acha kuangalia gari, muulize msimamizi wa usiku

Nianze na bei, maana ndiyo swali la kila anayenisimamisha njiani. Kwa mwaka mzima, nyumba moja ya mtaa wetu huku Kiamunyi inalipia uanachama wa ambulensi pesa zisizofika hata zile tunazowalipa wabeba taka. Ukishalipa unapewa nambari moja ya kupiga saa yoyote, gari lenye mhudumu aliyesomea kazi yake, na kufikishwa hospitali bila dereva kukudai pesa za mafuta getini. Inafaa? Inafaa, ila kuna masharti. Nawapa nyota nne kati ya tano, na ile ya tano waliipotezea ofisini, si barabarani.

Kampuni siitaji. Walinikubalia kukaa usiku kucha ndani ya chumba chao cha simu kwa sharti hilo, nami niliweka sahihi. Aliye Nakuru na macho yake huenda akawatambua. Asiyewatambua ayatumie haya kuwapima wale wengine waliobandika matangazo kwenye nguzo za stima kuanzia Section 58 hadi Ngata.

Mimi ni mzaliwa wa Bondeni. Kabla ya kurudi nyumbani nilikuwa supavaiza katika kituo cha simu za wateja Nairobi, ile kazi ya "tafadhali subiri kwenye laini". Nimesikiliza watu wakilia kwa ajili ya salio, wakitukana kwa ajili ya salio, na bibi mmoja aliyetuombea dua ndefu, sote na wazazi wetu, kwa ajili ya salio. Basi wakazi waliponifanya katibu wao na kunituma nitafute ambulensi, walidhani wamepata mtu wa kuandika barua.

Wauzaji walikuja Jumapili watu wakitoka kanisani, na magari mawili yanayong'aa. Milango ya nyuma ikafunguliwa. Tukaonyeshwa kitanda cha magurudumu, mitungi ya oksijeni, mashine ya kushtua moyo, mifuko ya dawa. Watoto wakapanda, wakashuka, wakapanda tena. Mwenyekiti wetu, mzee wa heshima zake, akakubali kulazwa kwenye machela apigwe picha, akicheka mpaka kofia ikaanguka. Mimi nikasubiri makelele yapungue nikamwuliza yule kijana mwenye kipaza sauti: "Kaka, saa nane usiku msimamizi wa chumba chenu cha simu ni nani, na ana wapokeaji wangapi?"

Akanijibu, "Mama, gari letu linafika haraka sana."

Nikarudia swali. Akasema atanitumia jibu kwa WhatsApp. Hakutuma. Lakini nisiwadhulumu: mwenye kampuni alipopata habari alinipigia mwenyewe akasema, njoo ukae uone. Ofisi nyingine ingenipa kalenda na kalamu.

Kwa nini nilisumbuka na chumba ilhali gari nimeliona? Kwa sababu gari la ambulensi haliendi mahali mpaka mtu alitume, na huyo mtu amekaa kitini, mbali na mgonjwa, akisikia nusu ya maneno. Novemba 1935 nyumba iliungua katika mtaa wa Wimpole, London, wakafa wanawake watano. Jirani aliyeuona moto alipiga simu, naye akawekwa foleni moja na watu wa simu za kawaida, akisubiri opereta. Zimamoto walikuwepo na magari yalikuwepo. Jirani akaliandikia gazeti barua ya hasira, na Juni 1937 London ikawekewa 999, nambari hiyo hiyo tunayoipiga hata huku kwetu leo. Nambari ilizaliwa kwa sababu ya foleni. Ndiyo maana mimi naanza kukagua kwenye foleni.

Chumba chenyewe hakina la kutisha. Kiko ghorofani katikati ya mji, madirisha yamefungwa kwa ajili ya kelele za matatu, kuna meza nne, ramani kubwa ya kaunti iliyochorwachorwa kwa kalamu za rangi, ubao mweupe, na chupa ya chai ya maziwa inayojazwa na mlinzi. Simu zinaingia kupitia mitandao miwili tofauti ili mmoja ukilala mwingine uamke. Stima ikipotea kuna betri, kisha jenereta. Nilitaka kuona, wakazima swichi kuu mbele yangu na hakuna simu iliyokatika. Hapo nikawavulia viatu.

Nilitia sahihi karatasi ya usiri kabla ya kuingia, na simu yangu ikabaki kwa mlinzi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, habari za ugonjwa wa mtu si mali ya kubeba ovyo. Kwa hiyo simu nitakazosimulia hapa nimezibadilisha mahali na hali, mtu asijitafute.

Mpokeaji wa kwanza niliyemsikiliza alikuwa binti mwembamba mwenye sauti nzito kama ya kiongozi wa kwaya. Hakuanza na "una shida gani". Aliuliza: uko wapi, nambari gani nikupigie laini ikikatika, kisha, kumetokea nini. Mpangilio huo si adabu mbaya. Laini ikikatika baada ya swali la kwanza, gari bado linaweza kutoka. Ikikatika baada ya hadithi ndefu ya ugonjwa, umebaki na hadithi. Nilipokuwa Nairobi tulifundishwa tuanze na "habari ya leo, naitwa fulani, nikusaidieje", na kwa mtu wa salio ni sawa. Kwa mtu anayevuja damu hizo ni sekunde za bure.

Swali la "uko wapi" ndilo gumu kuliko yote, na hapa ndipo nilipoanza kuwapenda. Mtu wa Nakuru hana anwani, ana jirani. Yuko "pale transfoma iliungua", yuko "steji ya zamani", yuko "kwa ule mchinjaji, ukishuka kidogo". Majina yenyewe ni mtego. London ni mtaa wetu, karibu na dampo la Gioto. Pipeline ipo hapa na ipo Nairobi. Manyani ni mtaa hapa na ni gereza kule njia ya Mombasa. Mgeni akiweka majina haya kwenye ramani ya simu anaweza kutuma gari kaunti nyingine. Kumbe msimamizi wa usiku ameandika daftari la mahali, kwa mkono, miaka na miaka: kila jina ambalo watu hulitumia kweli, shule iliyo karibu, kanisa, duka la dawa, na lango lipi gari kubwa linapita wakati wa mvua. Daftari limeingizwa kwenye kompyuta sasa, lakini lile la karatasi bado liko mezani, limefungwa kwa utepe wa gundi. Mpokeaji akikwama haulizi tena "wapi". Anauliza: "Watoto wa hapo wanasoma shule gani?" Hata aliyechanganyikiwa hulijua jibu la hilo. Kisha anamwambia atume mtu wa boda boda barabarani akaingoje ambulensi, aiongoze. Hiyo boda boda imewaokoa wengi kuliko setilaiti.

Na lugha. Nakuru ni mji wa watu wote: Wakikuyu, Wakalenjin, Waluo, Waluhya, Wakisii, Waturkana. Mtu akiwa mzima atakuzungumzia Kiswahili vizuri sana. Akiona mtoto wake anatetemeka kwa degedege, anarudi kwenye lugha ya mama yake. Ratiba ya zamu imepangwa ili kila usiku lugha kadhaa ziwepo chumbani, na msimamizi anajua nani anasikia nini. Nilipouliza ni sera ya kampuni, akacheka. Ni sera yake.

Huyu msimamizi wote wanamwita Sista, kwa kuwa alikuwa muuguzi kabla ya kuja huku. Ni mama mtu mzima, mfupi, amevaa sweta juu ya sweta. Kitu cha kwanza nilichokitazama ni masikio yake: hakuwa na hedseti. Kwenye vituo vingi msimamizi hujivunia kuchukua simu pamoja na vijana, anaonekana mchapakazi. Lakini ukivaa hedseti unasikia mtu mmoja tu. Sista hukaa katikati, kiti kimegeuzwa kuwaelekea, anasikia sauti za wote kwa pamoja, na anajua kwa sauti ya kijana wake, si ya mgonjwa, kwamba jambo limeharibika. Sauti ikipanda anasogea, anasimama nyuma ya kiti, hasemi neno. Mara nyingi inatosha.

Sasa nikueleze la saa saba na kitu. Lori lilipinduka upande wa Salgaa. Anayeijua barabara ile hahitaji maelezo. Ndiyo njia ya Sachang'wan, ambako Januari 2009 lori la mafuta lililopinduka lilishika moto na kuua zaidi ya watu 100, na ukiendelea mbele unafika makutano ya Londiani yaliyoua zaidi ya 50 jioni moja ya Juni 2023. Ndani ya dakika chache simu zote zikawaka. Kila msafiri aliyekuwa na simu alipiga, na kila mmoja alitaja mahali pake: Salgaa, Migaa, Sachang'wan, "kwa hiyo mteremko". Chumba kisicho na msimamizi kingetuma magari matano kwa ajali moja, au kingeanza kukata simu kwa kusema "tumeshasikia, asante".

Sista alisimama. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Lori ni moja. Magari mawili yanatosha kwanza. Hakuna kukata simu ya mtu." Halafu akaongeza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria katika kazi yangu yote: wasiulize "unapiga kuhusu lori?" Mwenye hofu hujibu ndiyo kwa swali lolote. Waulize, "Unaona nini mbele yako?" Simu ya kumi na kitu, mtu akajibu anamwona mke wake mjamzito amelala jikoni na chupa ya uzazi imepasuka. Hakuwa na habari ya lori lolote. Alikuwa Kaptembwo, mjini hapa hapa. Swali lile lingine lingemzika kwenye rundo la Salgaa.

Gari la tatu likaenda Kaptembwo. Ubaoni Sista alichora duara moja kubwa la lori, akaandika ndani saa na idadi ya waliopiga, na nje ya duara akaandika ya huyo mama peke yake kwa rangi nyingine. Basi. Teknolojia ya chumba hicho ya thamani kubwa kuliko zote ni kalamu mbili.

Maswali ya ugonjwa wenyewe wanayasoma kwenye kadi zilizopangwa: anapumua, anaitika, ana miaka mingapi, damu inatoka wapi. Mtindo huu wa kadi ulianzia Salt Lake City, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa daktari Jeff Clawson, na leo umeenea dunia nzima kwa sura mbalimbali. Kadi zao zimetafsiriwa kwa Kiswahili kizuri cha kuzungumzwa, si kile cha risala. Sina zaidi la kusema hapo, zinafanya kazi.

Tuje kwenye hesabu, na usiruke sehemu hii kwa sababu ndiyo pesa yako. Mwaka 1909 mwanahisabati wa Denmaki, Agner Krarup Erlang, wa kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha hesabu za namna simu zinavyoingia, na mwaka 1917 akatoa fomula zinazotumika mpaka sasa kupanga watu kwenye vituo vya simu. Nilizitumia miaka yangu yote Nairobi. Chukua mfano rahisi: simu 12 kwa saa, kila moja dakika 5. Hiyo ni kazi ya saa nzima ya mtu mmoja. Mkubwa wa fedha atasema basi weka mtu mmoja. Ukiweka mmoja, foleni haitaisha kamwe, maana simu haziji kwa zamu. Ukiweka wawili, mpigaji mmoja kati ya watatu atakuta wote wana simu na atasubiri. Ukiweka watatu, atasubiri mmoja kati ya 11. Ukiweka wanne, mmoja kati ya 49. Ona tofauti ya mtu mmoja tu. Na hao wanne kwa robo tatu ya usiku watakuwa wamekaa wakinywa chai. Kwenye duka la simu huo ni ubadhirifu. Kwenye dharura, kukaa kwao ndiyo bidhaa unayoinunua.

Kisha kiti kimoja si mtu mmoja. Wiki ina saa 168. Mtu akifanya kazi saa 45, kiti hicho kinataka watu wanne, na ukihesabu likizo, homa na siku za mafunzo, watano. Kampuni inayokuuzia huduma ya usiku na mchana kwa wapokeaji sita wote kwa jumla inakuuzia kiti kimoja na bahati.

Niliomba kuona wanapokea simu baada ya muda gani. Kipimo ninachokiheshimu ni cha NENA, chama cha Marekani cha wataalamu wa nambari ya 911: simu 90 kati ya 100 zipokelewe ndani ya sekunde 15, na 95 ndani ya sekunde 20. Meneja wao alinionyesha wastani wa mwezi, mzuri sana, wa kuchapishwa. Nikamwambia naomba saa kwa saa. Akasita, kisha akanifungulia, na sifa zake nampa, kwani mwenye la kuficha asingefungua. Mchana wako ndani ya kipimo. Ijumaa kuamkia Jumamosi, baada ya saa sita usiku, wanatoka nje. Wastani wa mwezi ulikuwa umezibeba saa hizo mbovu ndani ya saa tulivu za Jumanne asubuhi. Ukienda kuuliza, usikubali wastani.

Na sababu ya Ijumaa mbaya niliiona kwa macho. Usiku wana wapokeaji watatu na msimamizi. Baada ya ile ya lori iliingia simu ya mtoto mchanga, sitaieleza. Yule binti mwenye sauti ya kwaya aliimaliza vizuri kabisa, neno kwa neno, kisha akavua hedseti na mikono ikaanza kutetemeka. Sista akamtoa nje, akampa chai, akamwambia asirudi mpaka aitwe. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mtu hawezi kutoka kwenye simu ya namna hiyo akapokea inayofuata kama aliyekata tiketi. Lakini wakabaki wawili, yaani ile hesabu ya mmoja kati ya watatu. Sista hakuwa na budi kuvaa hedseti na kukalia kiti cha binti. Kuanzia dakika hiyo chumba kilikuwa na wapokeaji watatu na hakikuwa na msimamizi. Lori lingepinduka wakati huo, nani angechora duara?

Hii si dosari ya Sista. Ni dosari ya aliyepanga, na hapa ndipo nyota ya tano ilipoangukia. Meneja wa uendeshaji wa kampuni ni kijana msomi, mpole, aliyetoka kwenye biashara ya kusafirisha mizigo, na anawapima wasimamizi wake kama madereva wa malori. Ukutani ofisini kwake kuna jedwali la wasimamizi wa zamu zote, na safu ya kwanza ni wastani wa urefu wa simu. Simu fupi, rangi ya kijani. Simu ndefu, nyekundu. Sista alikuwa mwekundu mwezi baada ya mwezi.

Nilisimama mbele ya jedwali hilo nikahisi nimerudi Nairobi. Mtu wa salio ukimmaliza kwa dakika mbili umefanya vyema. Lakini moyo ukisimama, mpokeaji mwema ni yule asiyekata. Anabaki kwenye laini akimhesabia anayekandamiza kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, "moja, mbili, tatu, nne, usiache, badilishaneni", mpaka wahudumu waingie mlangoni. Simu hiyo ni ndefu kwa sababu ni nzuri. Zamu ya usiku ina nyingi za aina hiyo, kwa hiyo msimamizi wa usiku ataonekana mbovu daima kwenye jedwali la mtu aliyelala. Hatari yenyewe si Sista kuvunjika moyo. Yeye ni mgumu. Hatari ni msimamizi mpya, kijana anayetafuta kupandishwa cheo, atakayesoma rangi za ukutani na kuanza kuwaashiria watu wake wafupishe.

Nilimwuliza meneja, nani anawasikiliza wasimamizi? Wapokeaji husikilizwa: kila wiki Sista huchota rekodi bila kuchagua, hukaa na kila mmoja wakasikiliza pamoja, na huchota hata zilizokwenda vizuri, maana anayeitwa kwa makosa tu hujifunza kuogopa kengele. Lakini uamuzi wa msimamizi mwenyewe, kutuma magari mawili badala ya matatu, kumtoa binti nje, kubadilisha swali, haupitiwi na mtu ila kukiwa na malalamiko. Meneja alisema ni wazo zuri. Nimekaa ofisini muda wa kutosha kujua "ni wazo zuri" huwa linaishia wapi.

Makabidhiano ya asubuhi, kwa upande mwingine, sijaona mazuri kama hayo hata huko kwenye kampuni kubwa. Zamu mpya inafika kabla ya saa moja na zote mbili zinakaa pamoja, simu zikiendelea kupokelewa na wa usiku. Sista anausoma ubao: gari lipi lina mafuta na lipi linasubiri tairi, barabara ipi imechimbwa, hospitali ipi imesema vyumba vyake vya mahututi vimejaa, nani usiku huu alipata simu mbaya na asiwekwe peke yake wiki hii. Msimamizi wa mchana anarudia yote kwa mdomo wake. Akikosea, anarudia tena. Kisha ndiyo hedseti zinabadilishana masikio.

Tumeshaitumia huduma yenyewe mtaani, kwa hiyo siandiki kwa kutazama tu. Mzee mmoja wa njia ya chini alibanwa na kifua kabla ya alfajiri. Mkewe alipiga, akaulizwa yale matatu kwa mpangilio ule ule, akaambiwa amketishe mzee, asimpe chakula, afungue geti, awafunge mbwa, na mjukuu asimame barabarani na tochi. Gari lilikuja kwa lango la juu badala ya la chini, kwa sababu mkandarasi alikuwa amechimba mtaro na daftari lilikuwa halijui, wakazunguka. Walipofika walifanya kazi yao kwa utulivu, wakampeleka hospitali ya Level Five, ambayo wazee wa hapa bado tunaiita PGH, nao walikuwa wamepigiwa simu mapema na wanamngoja. Amerudi nyumbani, anabishana kama kawaida. Kesho yake simu ililia kwangu: Sista, akitaka kujua mtaro umeanzia wapi na kuishia wapi, aandike.

Msiache nambari za bure kwa kuwa mmelipia. 999, 112 na 911 ni za taifa, Msalaba Mwekundu wana 1199, na ziandikeni kwenye friji pamoja na hii ya kulipia. Na mkifika hospitali mkaambiwa lete pesa kwanza, kumbukeni Katiba ya 2010, kifungu cha 43(2), kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Kinataja mtu, hakitaji mwanachama.

Kamati imependekeza tulipe mwaka mwingine, na barua niliyoandika (ndiyo, mwishowe niliandika barua) ina masharti mawili: mpokeaji wa nne zamu za usiku, Ijumaa na Jumamosi kwa kuanzia, ili msimamizi asivae hedseti; na urefu wa simu uondolewe kwenye jedwali la wasimamizi. La kwanza wamelikubali kwa maandishi. La pili meneja anasema analijadili na wakubwa wake. Kura ni Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, saa nane mchana, ukumbi wa kanisa. Njoo na nambari ya nyumba yako, na kama njia yako imechimbwa, niambie mapema nimpelekee Sista.